Kabla ya Kununua Chipu Kubwa, Angalia Namba Moja

Juzi kijana mmoja wa Kolwezi aliniandikia kuuliza kama anunue chipu kubwa zaidi, kwa kuwa kichujio chake cha sauti kinamshinda. Swali hilo liliniuma, maana mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, tena kwa pesa zangu.

Kwaya moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, ilinipa kazi ya kuondoa mvumo wa umeme wa hezi 50 katika sauti ya maikrofoni zake. Nilitumia iCE40 UP5K, chipu ndogo ambayo fundi huipangia saketi mwenyewe, yenye vizidishi 8 (sehemu za kuzidisha namba) vya biti 16 kwa 16, biti zikiwa tarakimu za 0 na 1, nikachukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde. Siku ya majaribio mvumo ulibaki vilevile, na mzee wa kwaya akasema mbele ya watu wote: «Mwanangu, heri tuzime mashine yako.» Sijayasahau maneno hayo.

Kwa hasira nikapanua kila kitu hadi biti 32. Kuzidisha namba mbili za biti 32 hula vizidishi vinne vya aina ile, hivyo hesabu mbili tu zikaimaliza chipu, nami nikaagiza kubwa kutoka nje.

Kumbe kosa lilikuwa katika namba moja. Kichujio kilihitaji kuzidisha kwa 1.999957, lakini biti 16 zinazobeba namba hadi karibu na 2 huenda kwa hatua za 0.000061, kwa hiyo nilichopata ni 1.999939. Tofauti hiyo, ndogo kama chembe ya unga, ilihamisha shimo la kichujio, yaani masafa kinayoyafuta, kutoka hezi 50 hadi karibu 60! Nikaamua kuhifadhi pengo kati ya namba hiyo na 2, nikalitengea pengo hilo biti zote 16; saketi huzidisha kwa 2, kisha hutoa sehemu ya pengo. Kuzidisha kwa 2 ni kusogeza biti nafasi moja tu, na hakuhitaji kizidishi.

Vijana, mna haraka ya kununua. Linganisheni kwanza kila namba mliyokusudia na ile iliyoingia kwenye saketi. Kwenye kujumlisha msibane biti, kwa kuwa gharama yake hukua sambamba nazo, ilhali ya kuzidisha hukua karibu kwa mraba wake. Tena, saa ya saketi ikipiga mara milioni 12 kwa sekunde, kuna mapigo 250 kwa kila sampuli, na kizidishi kimoja kinaweza kufanya hesabu zote kwa zamu. Hilo nalo sikulifikiria, nami nilikuwa nikijiita fundi.

Kwaya hutumia kifaa changu kila Jumapili, kikiwa na chipu ileile ndogo. Ile kubwa ninayo bado, katika mfuko wake, haijafunguliwa.