Cheti kimekuja, ritani imeshakwenda

*Mzee wa Kodi, shikamoo. Mchana nafundisha shule, jioni nafundisha chuo kwa mkataba. Ritani yangu ya mwaka, ile fomu ya kutangaza mapato na kodi, niliiwasilisha mapema. Sasa chuo kimenitumia cheti cha makato, na mapato hayo sikuyaandika kabisa. Kodi walishaikata wenyewe. Je, ninyamaze tu, au nijaze ritani nyingine?*
*– Mwalimu wa zamu mbili*

Marahaba, mwalimu. Usinyamaze. Kwa kawaida mwajiri anayekupa cheti hupeleka takwimu hizohizo mamlaka ya kodi, na siku zikilinganishwa wataona waajiri wawili ilhali wewe umetaja mmoja. Ukijitokeza kabla hawajakuandikia, nchi nyingi hukupunguzia adhabu. Ukingoja barua, unajieleza ukiwa umeshashukiwa.

Hilo la "walishaikata" ndilo linaloponza wengi, kwa hiyo tukae hapo. Mara nyingi kila mwajiri hukata kana kwamba hakuna mwingine anayekulipa. Shule ilikupa nafuu ya kodi, ikaanza kuhesabu kwenye kiwango cha chini; chuo nacho huenda kilifanya vivyo hivyo. Tuseme shule ilikulipa 840,000 kwa mwaka, na chuo 210,000. Kwa mamlaka wewe ni mtu mmoja mwenye 1,050,000, na zile 210,000 zinakaa juu ya mshahara wa shule. Kama chuo kilikata asilimia 10, na ngazi ya kodi uliyofikia kwa jumla hiyo ni asilimia 25, basi kuna 31,500 hazijalipwa. Na huenda ikawa kinyume: chuo kilikata kupita kiasi, na wewe ndiye unayedai. Hujui mpaka upige hesabu.

Sasa kurekebisha. Usiwasilishe tena ritani ya kawaida kana kwamba ya kwanza haikuwapo; tafuta ile ya marekebisho. Kenya, kwenye iTax, mfumo wao wa kodi wa mtandaoni, unachagua aina ya ritani mwanzoni kabisa. Marekani wana fomu ya peke yake, 1040-X, na mimi naipenda kwa mpangilio wake: safu ya kwanza ulichoandika mwanzo, ya pili tofauti, ya tatu kilicho sahihi. Hata kama kwenu hakuna safu hizo, zichore kwenye karatasi: 840,000, 210,000, 1,050,000. Chini yake fanya hivyohivyo kwa kodi iliyokatwa. Nimeona watu wakiongeza mapato ya mwajiri wa pili na kusahau makato yake, wakajitwisha deni lisilo lao.

Wakikuuliza sababu, andika sentensi moja: "Niliacha mapato ya mwajiri wa pili, cheti chake kilinifikia baada ya kuwasilisha." Basi. Habari za ugonjwa na shida za nyumbani hazihitajiki hapo, na cheti chenyewe kiambatishe panapoombwa.

Ukikuta unadaiwa, lipa papo hapo. Riba haianzi kuhesabiwa siku uliyogundua kosa, bali tangu tarehe ya mwisho ya kulipa kodi ya mwaka huo. Kenya ni asilimia 1 kwa mwezi. Na kama ritani ya kwanza ilikuwa ya kurudishiwa fedha na bado hazijafika, Marekani hushauri ungoje zifike kwanza, ndipo upeleke marekebisho.

Muda nao una mipaka. Kenya unaweza kuomba marekebisho ndani ya miaka 5 tangu ulipowasilisha. Uingereza ni miezi 12 baada ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, yaani 31 Januari. Marekani, kwa anayedai kurudishiwa, kwa kawaida ni miaka 3 tangu alipowasilisha. Wewe cheti kimekujia mapema, lakini ritani za miaka ya nyuma ulizojaza ukiwa na kazi hizihizi mbili zifungue pia uzikague.

*Mzee, mimi nilikosea kujumlisha tu, tarakimu zote ni sahihi. Nirekebishe?*
*– Mwenye haraka*

Inategemea ulikowasilisha. Marekani kosa la kujumlisha kwa kawaida hulisahihisha wenyewe wakakuarifu kwa barua. Kwingine, ikiwa fomu ya mtandaoni inajumlisha yenyewe, hebu angalia tena: huenda aliyekosea ni kikokotoo chako, na ritani haina tatizo.