Ukienda Ucheki, anza na salamu

Wadogo zangu wanaojiandaa kuja kusoma Ucheki huuliza habari za baridi na koti. Koti utalinunua hukuhuku, hata la mtumba lililo zima kabisa, na baridi utaizoea. Mimi huwaambia waje na maneno mawili tu mdomoni: *dobrý den*, yatamke "dobri den". Ndiyo salamu ya mchana. Naishi Brno, mji wa pili kwa ukubwa nchini, na nimeona kwamba malalamiko mengi ya wageni kuhusu Wacheki kuwa wakavu huanzia kwenye mlango wa duka.

Huku ukiingia duka dogo unasalimia. Ukimkuta jirani kwenye lifti unasalimia, na ukishuka unaaga. Ukifungua mlango wa chumba cha kumsubiri daktari, unawasalimia wote waliokaa; wataitikia kwa pamoja bila hata kuinua macho, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake. Hawatakuuliza umeamkaje wala watoto hawajambo. Hawatatabasamu pia, na hilo lisikutie wasiwasi, maana kumchekea mtu usiyemjua hakuhesabiwi kuwa adabu. Lakini ukipita kimya wanaliona. Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba kupita mbele ya watu bila salamu ni kiburi tunakuja na mtaji ambao wageni wengi hawana. Utumie.

Hata shikamoo wanayo, ingawa imejificha kwenye sarufi. Mtu mzima, mwalimu, karani, dereva, yeyote usiyemzoea unasema naye kwa wingi, *vy*. Rafiki, mtoto na Mungu ni *ty*. Kuhama kutoka vy kwenda ty si jambo la kuteleza tu, linatamkwa. Mkubwa humkaribisha mdogo, mwanamke humkaribisha mwanamume, mnapeana mkono na kutajiana majina ya kwanza kana kwamba ndiyo kwanza mnaonana. Usianze wewe. Jirani yangu, ambaye ni rika la mama yangu, huniletea sahani ya biskuti za Krismasi kila Desemba na bado tuko kwenye vy, wala sioni kilichopungua.

Vyeo navyo usivisahau. Ukimwandikia mhadhiri barua pepe, anza na cheo chake. Kwenye kengele za milango ya maghorofa utakuta Ing. (mhandisi) na Mgr. (mwenye shahada ya uzamili) mbele ya majina, na mhandisi huitwa mhandisi hata na fundi aliyekuja kuziba bomba. Nchi kama yetu inayotambulisha wageni waalikwa kwa nusu saa kabla ya mgeni rasmi kusimama haina la kushangaa hapa. Kwa akina dada kuna jingine: majina ya ukoo ya wanawake kwa desturi huishia na -ová, hivyo mke wa Novák ni Nováková. Tangu 2022 sheria inamruhusu mwanamke achague jina bila kiishio hicho, lakini mazoea hayaishi kwa sheria, kwa hiyo Neema Mushi asistuke siku akikuta ameandikwa Mushiová.

Na ukimuuliza Mcheki mliyezoeana hali yake, kaa tayari. Kwetu mtu anajibu "nzuri" huku homa imempanda. Huku utaelezwa habari za goti, bei ya umeme na mkwe asiyepiga simu. Sikiliza, kisha nawe toa lalamiko lako dogo. Urafiki huanzia hapo zaidi ya kwenye vichekesho.

Ukialikwa nyumbani, vua viatu mlangoni bila kuambiwa. Watakupa ndala za wageni, maana kila nyumba ina akiba yake. Kagua soksi kabla hujatoka kwako. Ukibeba maua, idadi yake isigawanyike kwa mbili. Idadi shufwa ni ya msibani.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa Mswahili anaumia kuliko wengine. Sisi tayari tuna hesabu yetu ya kuruka saa sita kila tunapotazama ukuta. Mcheki anakuja na yake. Akikwambia *půl sedmé*, neno kwa neno ni nusu ya saba, na sikio lililozoea Kiingereza litasema ni saa moja na nusu. Siyo. Yeye anahesabu saa ya saba kuwa imefika nusu, kwa hiyo ni 6:30, kwetu saa kumi na mbili na nusu. Saa 6:15 ni robo ya kuelekea saba, na 6:45 ni robo tatu za kuelekea saba. Ukigeuza mara mbili kichwani unaweza kumkuta daktari ameshafunga. Omba waandike kwa tarakimu, hakuna anayekasirika.

Kengele za Brno nazo zina mambo yao. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lililo juu ya kilima cha Petrov, hupiga kengele za adhuhuri saa tano asubuhi. Masimulizi ya mji yanasema kwamba mwaka 1645, jeshi la Wasweden lilipouzingira mji kwa zaidi ya miezi mitatu, Jenerali Torstenson aliapa kwamba asipouteka kufikia adhuhuri ya siku fulani ataondoka. Watu wa mji wakapata habari, wakapiga kengele saa moja kabla, naye akafungasha. Wasweden waliondoka kweli, hilo ni historia; sehemu ya kengele ni hadithi, ila watu wa Brno hawapendi kuulizwa ushahidi. Ukiteremka kutoka Petrov, pita ukumbi wa zamani wa jiji utazame juu kwenye njia ya kuingilia. Pale ananing'inia "dragoni" wa Brno. Mimi niliyekulia Mwanza sikuhitaji maelezo: ni mamba, amekaushwa, na amezeeka vibaya.

Vita vilivyowaleta Wasweden hao vilianzia dirishani, Praha. Tarehe 23 Mei 1618 wakuu wa Kiprotestanti walipanda kwenye ngome ya mfalme, wakawakamata magavana wawili wa Kikatoliki na kuwatupa nje ya dirisha pamoja na karani wao, Filip Fabricius. Wote watatu walinusurika. Wakatoliki wakasema Bikira Maria aliwadaka. Waprotestanti wakasema waliangukia jaa la samadi. Karani baadaye alipewa uungwana na jina la ukoo linalomaanisha mtu wa Anguko Refu, na Ulaya ikapigana miaka 30. Wacheki wanakisimulia kisa hiki bila kucheka, na ndivyo ulivyo utani wao wote. Mwaka 2005 televisheni ya taifa ilipowaomba wapige kura ya Mcheki mkuu kuliko wote, walimpa kura nyingi Jára Cimrman, mtu ambaye hajawahi kuishi, aliyebuniwa kwa ajili ya vichekesho. Ilibidi aondolewe, na ushindi akapewa Mfalme Karel wa Nne.

Kuna mahali utani unakoma. Usiwaambie wako Ulaya Mashariki. Watakuonyesha ramani ya Ulaya ya Kati. Usiseme Chekoslovakia, iliyogawanyika kwa amani kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Na usisifie enzi za Umoja wa Kisovieti mbele ya mzee bila kumjua, kwa kuwa Agosti 1968 aliona vifaru vyao barabarani. Najua kwetu zama zile zina kumbukumbu nyingine, za ufadhili wa masomo hasa. Praha ilikuwa na chuo kikuu kilichofunguliwa 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika Kusini, kikafungwa 1974. Kiliitwa cha 17 Novemba, tarehe ambayo mwaka 1939 Wanazi walivifunga vyuo vikuu vya Kicheki na kuwaua viongozi tisa wa wanafunzi. Tarehe hiyohiyo mwaka 1989 wanafunzi waliandamana Praha, na kabla ya mwaka kwisha chama tawala kilikuwa kimeachia madaraka. Leo ni sikukuu. Mzungumzie mzee habari hizo, utapewa kiti.

Ukitaka mazungumzo mepesi, taja Bata. Afrika Mashariki tuna watu wanaoapa kwamba Bata ni ya kwetu, kwa sababu ya kiwanda cha Limuru na viatu vya shule. Ni ya hapa, Zlín, mashariki ya Brno, ilikoanzishwa na Tomáš Baťa na ndugu zake mwaka 1894. Panda basi ukalione jengo namba 21 la Bata: mkurugenzi alijengewa ofisi ndani ya lifti, yenye sinki la kunawia, ili aweze kwenda kwa wafanyakazi ghorofa kwa ghorofa bila kuinuka kitini. Katika kiwanda cha Bata hapo Zlín alifanya kazi kijana Emil Zátopek, aliyeingizwa kwenye mbio za wafanyakazi bila kupenda. Mwaka 1952 kule Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, ambayo ndiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza. Mkenya akilitaja jina hilo mbele ya wazee wa hapa, bia ya kwanza hailipi yeye.

Halafu kuna vifaru wanyama. Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, wanaoishi Ol Pejeta nchini Kenya, walizaliwa kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki, wakapelekwa Kenya Desemba 2009. Bustani hiyo imewahi kupeleka vifaru weusi Mkomazi pia. Huku kuna wanaolijua jina la Mkomazi; wengi wetu hatujafika.

Kuhusu chakula, nguruwe yuko kila mahali, hata kwenye mboga ambayo hukumtarajia, kwa hiyo Mwislamu aulize kila mara, supu ikiwemo. *Smažený sýr*, jibini ya kukaanga kwa viazi, imewaokoa wengi. Asiyekunywa pombe aagize Kofola, soda ya hapahapa yenye ladha ya mitishamba, ambayo baa nyingi humimina kwenye glasi kama bia.

Krismasi ni samaki, na hapo mtu wa ziwani nilidhani nimefika nyumbani. Siku chache kabla ya tarehe 24 mapipa makubwa ya maji huwekwa barabarani, yamejaa *kapr* (carp kwa Kiingereza) walio hai. Wanatoka kwenye mabwawa ya kuchimbwa, hasa ya Třeboň kusini mwa nchi. Lililo kubwa kuliko yote, Rožmberk, lilijengwa kati ya 1584 na 1590. Muuzaji anamuua na kumpasua palepale, au unaondoka naye mzima, na kuna familia ambazo bado humweka kwenye beseni la kuogea hadi siku yenyewe. Tatizo ni watoto. Wanampa jina, wanamlisha mkate, na jioni ya tarehe 24 hakuna anayethubutu kushika kisu. Wako wanaomrudisha mtoni, jambo ambalo wataalamu wanasema halimsaidii. Anayepikwa hupakwa unga wa mkate na kukaangwa, analiwa na saladi ya viazi. Kwa mtu aliyelelewa kwa sato, kapr ana harufu ya tope na miba ya kutosha. Kula taratibu na usifu saladi, maana kila mama anaamini ya kwake ndiyo ya kweli. Chini ya sahani utakuta gamba la samaki. Liweke kwenye pochi ukae nalo mwaka mzima ili usiishiwe fedha. Mimi ninalo, na sitasema zaidi.

Nisiwafiche lililo gumu. Jioni ya tarehe 5 Desemba Mtakatifu Mikuláš hupita mitaani na malaika na shetani, na shetani huyo mara nyingi amejipaka masizi. Mapema Januari watoto hupita nyumba kwa nyumba kama wafalme watatu wakichangisha fedha za hisani, mmoja wao akiwa amepakwa uso mweusi. Wengi wa wanaofanya hivyo hawamlengi mtu, lakini kujua hilo hakuondoi kichefuchefu ukikutana nao bila kutarajia. Mwenye watoto shule ya awali azungumze na mwalimu mapema, Novemba, kwa utulivu. Mimi nilisikilizwa nilipoeleza kabla. Baada ya tukio watu hujitetea tu.

Jumatatu ya Pasaka inafanana na hiyo kwa kumshtua mgeni. Wanaume na wavulana hupita na fimbo ya matawi ya mti iliyosukwa, *pomlázka*, wakiwachapa wanawake miguuni kidogo, ati wabaki na afya na ujana, nao hupewa mayai ya rangi. Dada, una haki ya kukataa au kutofungua mlango, na wasichana wengi wa mjini hufanya hivyo. Kaka ukialikwa kijijini Moravia, upande wa mashariki wa nchi, kula kwanza, kwa sababu watu wazima hawapewi mayai peke yake: kila nyumba ina chupa yake ya *slivovice*, pombe kali ya matunda, na mzunguko huanza asubuhi. Kusema hunywi kutaleta maswali mpaka nyumba ya mwisho. Sema unaendesha. Sheria ya huku haimruhusu dereva hata tone moja, na hakuna atakayebishana nawe, hata kama umekuja kwa basi.