Kukata nyasi zikiwa zimelowa

Ndugu, umeuliza kama ukate nyasi zikiwa zimelowa: kama unaweza kungoja, ngoja. Nyasi zilizolowa hulala, kisu huzichana badala ya kuzikata, na mabonge huganda chini ya mashine ya kukatia hadi injini inazima. Ila kwa vile umesema mvua haikatiki na nyasi zimekaribia magoti, subiri alasiri. Ukikanyaga maji yakachuruzika pembeni mwa kiatu, acha. Magurudumu yatachimba mifereji.

Noa kisu, kipandishe juu kabisa, ukate theluthi tu ya urefu wa nyasi, taratibu. Mashine ikiziba: zima, chomoa waya wa plagi ya injini (ile inayotoa cheche), ilaze kabureta (sehemu inayochanganya petroli na hewa) ikiwa juu, kwangua kwa kijiti, kamwe si kwa mkono. Mabonge yatawanye kwa reki, yakibaki nyasi za chini hugeuka njano. Mteremko uache. Mashine ya waya wa umeme usiiguse kabisa.