Maswali na Majibu: Risasi Inayogoma Katikati ya Mtutu wa Bunduki ya Kushindilia

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na sasa ninaishi Columbus, Ohio. Marehemu babu yangu alikuwa na gobore, na nikiwa mtoto nilimwona mara nyingi akimimina baruti, akitumbukiza gololi na kushindilia mara mbili tatu, kazi ikawa imekwisha. Mwaka huu nimenunua bunduki ya kushindilia ya kaliba ya .50 (yaani tundu la nusu inchi), ya mtindo wa zamani yenye fataki (kikofia kidogo cha kuwashia baruti) na nyundo ya pembeni, ili niingie katika msimu wa kuwinda kulungu wa mwezi Januari. Risasi zangu ni za duara, za inchi 0.495, na viraka vya kitambaa vya kuifunika risasi vimeandikwa unene wa 0.018. Nikienda kujizoeza shabaha, risasi ya kwanza huingia kwa kugongwa, ya pili hunitoa jasho, na ya tatu juzi iligoma katikati ya mtutu. Niliegemeza mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia, kwenye shina la mti nikaisukuma bunduki mpaka risasi ikashuka. Je, ubaya uko kwenye bunduki, kwenye risasi au kwangu mimi? Na je, nikiupaka mtutu mafuta ya injini, itateleza?

JIBU: Marahaba. Nianze na huo mti, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri. Bunduki uliyokuwa ukiisukuma ilikuwa na baruti ndani, mdomo wake ukiuelekea mti na mikono yako ikiwa karibu na njia ya mdeki. Kama cheche ya risasi iliyotangulia ingalikuwa bado hai chini ya ukoko wa baruti iliyoungua, mdeki na risasi vingalitoka kwa pamoja. Mimi binafsi niliwahi kuvunja mdeki wa mbao kwa kuushika juu sana na kuulazimisha; ulipasuka kwa mshazari, ukachongoka kama mkuki, na kovu lake ninalo hadi leo kwenye kiganja. Kwa hiyo usiutegemeze mdeki kwenye mti wala ukutani, wala usiuegemee kwa kifua. Shika mdeki shibiri moja tu juu ya mdomo wa mtutu, sukuma kwa hatua fupi fupi, na uso wako ukae pembeni.

Sasa tuje kwenye tofauti kati ya bunduki yako na gobore la babu. Gobore ni bunduki ya mtutu laini, na gololi yake hufanywa ndogo kuliko tundu kwa makusudi, ndiyo maana ilikuwa ikishuka kwa uzito wake yenyewe. Ndani ya mtutu wako, kwa upande mwingine, kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na kati ya mfereji na mfereji kuna tuta, mfano wa shamba la viazi. Mifereji hiyo haiwezi kuizungusha risasi isipokuwa risasi, au kiraka kilichoifunika, imeyashika matuta. Kwa maana hiyo, kubana kwenyewe si ugonjwa. Bunduki ya namna hii ikipokea risasi bila ukinzani wowote, shabaha yake itakuwa kama ya gobore, na umelipia mifereji bure.

Swali la kujiuliza, basi, ni inabana lini na inabania wapi. Barua yako imenipa jibu bila wewe kukusudia: risasi ya kwanza huingia kwa kugongwa, na kila inayofuata huwa ngumu kuliko iliyoitangulia. Hayo ni matatizo mawili yaliyopandana. La kwanza ni la vipimo, na lipo hata mtutu ukiwa safi. La pili ni ukoko wa baruti, na hilo huongezeka kwa kila mlio.

Tufanye hesabu ya vipimo. Mtutu wa kaliba ya .50 hupimwa kutoka tuta hadi tuta, na kwa kawaida ni inchi 0.500 au zaidi kidogo. Risasi yako ni 0.495, na kiraka huizunguka pande zote mbili, kwa hiyo tunaongeza 0.018 mara mbili, jumla 0.531. Unataka kuingiza kitu cha 0.531 katika tundu la 0.500. Kitambaa kitakandamizika, na risasi laini itachubuliwa kidogo na matuta, lakini sehemu iliyobaki lazima ipate mahali pa kukaa, na mahali penyewe ni kwenye mifereji tu. Mifereji ikiwa na kina kirefu, hesabu hiyo inavumilika. Ikiwa ya kina kifupi, kama ilivyo katika mitutu mingi ya kiwandani ya mtindo wako, hakuna nafasi. Nunua risasi za inchi 0.490 na kitambaa cha 0.015, ambavyo jumla yake ni 0.520, na ndiyo sehemu ambayo watu wengi wenye kaliba hiyo huanzia. Tofauti ya inchi 0.011 inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila mkono utaitambua mara moja.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pakiti kabla hujapima mwenyewe kwa kalipa, kile chombo chenye taya cha kupimia unene. Kandamiza kitambaa kati ya taya za kalipa kwa nguvu ya vidole, uone kinabaki na unene gani, kwa sababu vitambaa viwili vyenye namba moja hutofautiana kwa ufumaji. Kiwe cha pamba tupu, kwani nyuzi za plastiki huyeyuka na kunata kwenye matuta. Kifue kwanza kitoke dondo. Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina la kitambaa kinachofaa kabisa kwa kazi hii: merikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi ambayo meli za huko unakoishi sasa zilikuwa zikiileta Zanzibar katika karne ya 19.

Pima pia ugumu wa risasi yenyewe, kwani watu wengi hulisahau hili. Bunduki yako inataka madini ya risasi tupu, ambayo kwa kipimo cha ugumu cha Brinell ni kama 5 tu. Vyuma vya kusawazisha magurudumu, ambavyo watu huokota na kuyeyusha, vimechanganywa na madini ya antimoni na ni vigumu kwa takriban mara mbili au zaidi. Risasi ngumu haichubuliki, kwa hiyo ubishi wote unahamia kwenye mkono wako. Ipo njia ya kijijini ya kutambua: piga ukucha wa dole gumba. Ile laini huonyesha mkwaruzo unaong'aa; kwenye ile ngumu ukucha huteleza. Ukiidondosha sakafuni ya sementi, laini hulia kwa mshindo mzito uliokufa, na ngumu hulia kama kengele kidogo.

Nageukia ukoko. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti (salfa), kwa uwiano wa kawaida wa 75, 15 na 10 katika mia, na ikiungua zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi, bali hubaki kuwa chumvi na masizi. Sehemu ya vitu hivyo huondoka na moshi, na sehemu hujibandika ndani ya mtutu kama ukoko wa wali unavyojibandika kwenye sufuria. Hewa ikiwa na unyevu, ukoko hubaki laini. Hewa ya Januari huko kwako ni ya baridi na kavu, nao hukakamaa. Ukiongeza unene wa ukoko huo juu ya zile inchi 0.011 nilizozitaja, utaelewa kwa nini risasi ya tatu iligoma.

Dawa yake ni kufuta kila baada ya mlio mmoja unapojizoeza. Chukua kiraka kilicholowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha ukikamue mpaka kisidondoshe tone. Hata mate yanatosha ukiwa porini. Kipitishe mara moja taratibu hadi chini, kitoe, kigeuze upande wa pili, rudia, halafu malizia na kiraka kikavu. Usikichape chini na juu kwa haraka, kwani utausukuma ukoko mpaka kwenye chumba cha baruti na kuiziba njia ya fataki, na bunduki itakataa kulia ukidhani tatizo ni fataki. Kiraka hicho chenye unyevu kina kazi nyingine nisiyotaka uipuuze: kinazima cheche iliyojificha kabla hujamimina baruti mpya. Na baruti yenyewe imiminwe kutoka kwenye kipimo, kamwe isitoke moja kwa moja kwenye chupa au pembe.

Kuhusu mafuta ya injini, jibu ni hapana. Mafuta yanayotokana na petroliamu yakikutana na joto la baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami, na lami ndiyo ukoko mbaya kuliko wote. Kiraka cha risasi kipakwe shahamu au mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na nta ya nyuki. Mimi huanza na sehemu moja ya nta kwa mbili za shahamu, na nta huizidisha wakati wa joto ili isitiririke. Mtu wa Tabora sidhani anahitaji kufundishwa nta.

Ukiwa umebadilisha vipimo na unafuta vizuri, bado kuna dalili moja ya kutazama. Baada ya kupiga, tembea hatua kumi na tano hivi mbele ya mdomo wa bunduki uokote kiraka kilichotumika. Kiraka chenye afya kina duara jeusi katikati na kingo zilizochanuka, na kitambaa chake ni kizima. Kikiwa kimekatwa kwa mistari inayofuata pembe za mifereji, matuta ya mtutu wako mpya bado ni makali, au mdomo wake una ncha zilizoachwa na mashine. Makali ya ndani mara nyingi hulainika baada ya milio mingi. Ya mdomoni ni kazi ya fundi mwenye kifaa chake, dakika chache tu. Usiyaguse kwa msasa wala tupa, maana upande mmoja ukilika kuliko mwingine risasi itasukumwa pembeni inapotoka, na shabaha hutaipata tena.

Ugumu wako si mpya. Wapiganaji wa Uingereza waliopewa bunduki ya Baker kuanzia mwaka 1800 walikabidhiwa mwanzoni vinyundo vya mbao vya kugongea risasi. Mwaka 1849 Mfaransa Minié alileta risasi ndefu iliyo ndogo kuliko tundu, yenye shimo kitakoni, ambayo gesi huitanua ikashika mifereji. Hata hiyo ilikuwa na mipaka yake: bunduki ya Enfield ya 1853, yenye tundu la inchi 0.577, ilitumia risasi ya 0.568, na baada ya mitutu kuziba wakati wa vita vya India vya 1857 Waingereza wakaishusha hadi 0.55. Serikali yenye viwanda vyake yenyewe ilipunguza risasi badala ya kuongeza nguvu za askari, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Mwisho, siku risasi itakapogoma tena katikati ya mtutu, usiipige. Kati ya baruti na risasi kutakuwa na nafasi tupu, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kama haishuki kwa nguvu ya kawaida ya mkono, hakikisha hakuna fataki, fungua chuchu inayoshika fataki, ingiza maji kwa bomba la sindano mpaka baruti yote ilowe, subiri, kisha ndipo uing'oe risasi kwa mdeki wenye skrubu, au uisukume nje kwa kifaa cha gesi ya kaboni dioksidi kinachofungwa kwenye chuchu iliyorudishwa mahali pake, mdomo ukiwa umeelekezwa mahali salama. Baada ya hapo mtutu uoshwe siku hiyo hiyo kwa maji ya moto, ukaushwe na upakwe mafuta, kwani kutu nayo hubana.

Chonga alama mbili kwenye mdeki wako, pale unapokutana na mdomo wa mtutu: moja ukiwa mtutu mtupu, nyingine ukiwa umejazwa sawasawa kwa kipimo chako cha baruti. Kisha niandikie vipimo vitatu ulivyovipata kwa kalipa, yaani tuta hadi tuta mdomoni, kipenyo cha risasi na unene wa kitambaa kilichokandamizwa, pamoja na hali ya viraka ulivyookota.