Kiwanja cha mteremko: nyumba ya kisasa bila kuukata mlima

Mkuu, umeuliza kama ukodi kijiko, ile mashine ya kuchimbia udongo, usawazishe kiwanja chako cha mlimani, kisha ujenge nyumba ya kisasa yenye paa la kuficha, yaani lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa. Mimi nimejenga Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mahali panaposhuka mita 1 kila mita 5. Nakusihi, usiukate mlima.

Piga hesabu. Kwa mteremko kama wangu, nyumba yenye mita 12 kutoka juu kwenda bondeni inakutana na tofauti ya kimo cha mita 2.4. Ukiifanya nyembamba, mita 6, ikalala ndefu kwa ubavu wa mlima, inabaki mita 1.2. Ndivyo nilivyofanya. Vyumba vya kulala viko upande wa juu, sebule na jiko upande wa chini, katikati ngazi 4 za sentimita 15. Msingi nao unashuka kwa hatua, kila hatua imekaa kwenye udongo mgumu wa asili. Ukuta usisimame juu ya kifusi hata fundi akuapie kwamba amekishindilia. Kitatitia tu, na nyufa utaziona.

Adui mkubwa ni maji. Jirani alikata kingo wima nyuma ya jiko. Masika ilipokolea, tope likaingia hadi ndani. Chimba mfereji juu ya nyumba uyapeleke maji pembeni kabla hayajafika ukutani. Ukuta wa kuzuia udongo jenga kwa mawe, uegemee mlima kidogo, nyuma yake jaza kokoto na pitisha mabomba ya kutolea maji. Bila mabomba hayo, udongo ukilowa utausukuma ukuta.

Paa la kuficha kwa mvua za Usambara silipendi kabisa: maji yanatuama kwenye mfereji wa ndani na kuvujia darini, tena ukiwa ng'ambo ya bonde unaona boksi jeupe limebandikwa mlimani. Langu lina mwelekeo mmoja, linashuka sambamba na mlima, bati la kijani kibichi lisilong'aa. Mawe yaliyotoka kwenye msingi ndiyo yamevalishwa ukuta wa chini. Migrevilea na migomba niliiacha. Kutoka barabarani nyumba huioni mpaka uonyeshwe.

Kabla hujamlipa mchora ramani, nenda na fundi, mambo (vigingi) na mpira wa maji wa kupimia usawa, mpime kimo kila mita 2, muweke alama kila mti mkubwa na kila njia ya maji. Vipimo hivyo ndivyo aanzie kuchorea.