Dawa ya siku ya 3 na ya 4 haitaua seli za kaka yako
Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama saiklofosfamaidi (dawa ya kemotherapi) anayopewa mama siku ya 3 na ya 4 baada ya kupandikizwa seli shina, yaani seli zinazotengeneza damu, haitaua seli alizochangia kaka yako. Seli shina zenyewe husalimika, kwa kuwa zina kimeng'enya kingi cha kuivunja dawa hiyo. Zinazokufa ni seli T (seli za kinga) za kaka zilizoanza kugawanyika kwa kasi ili kuushambulia mwili wa mama: ngozi, ini na utumbo. Dozi ya kawaida ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila moja ya siku hizo mbili, pamoja na mesna na maji ya mshipani kukinga kibofu.

Homa kabla ya saiklofosfamaidi hutokea sana aina ya tishu za mchangiaji ikilingana nusu tu na ya mgonjwa. Ichunguzwe kama maambukizi, lakini steroidi (dawa za kutuliza kinga) huepukwa: zikizuia seli T kugawanyika, saiklofosfamaidi itazikosa. Ndiyo maana hata takrolimasi, dawa ya kuzuia seli T, husubiri hadi siku ya 5.

Kwenye takrolimasi muwe makini mno. Siku ya kupima kiwango chake kwenye damu, mama asimeze dozi ya asubuhi mpaka atolewe damu. Akimeza kabla, kiwango kitaonekana kikubwa, dozi itapunguzwa bila sababu, na seli T zitapata mwanya. Balungi asiguse. Dawa ya fangasi kama vorikonazo ikianzishwa au kusimamishwa, ulizeni siku hiyohiyo kuhusu dozi.