Mechi ya wakongwe bila majeruhi

Ndugu, umeuliza mtawarudishaje wakongwe wa raga uwanjani bila kuumizana. Kinachowaangusha si kukabwa tu, ni pia zile mbio za kwanza za kasi, misuli ya nyuma ya paja ikiwa bado baridi. Wapashe mwili moto dakika 20, kasi ipande polepole. Vipindi vinne vya dakika 15 vinatosha, na kubadilishana wachezaji kusiwe na kikomo.

Skramu, pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapofungamana kugombea mpira, zisisukumane kabisa! Shingo iliyokaa miaka 10 bila mazoezi haibebi uzito wa safu ya mbele. Wazee zaidi wavae bukta za rangi tofauti: washikwe tu, wasiangushwe. Refa alitangaze hilo kabla ya kuanza.

Kuwapata wakongwe hao, kila kizazi kiwe na mtu mmoja wa kuwapigia wenzake simu. Tangazo la kundini hupuuzwa.